Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo: Bibi naye aulizwe

Mheshimiwa Daktari,

Salaam. Mimi ni mkunga mstaafu. Pengine kwa umri ningekuita mwanangu, lakini cheo ni cheo.

Mjamzito akija kliniki analalamika nyonga, hatumshangai. Tunajua homoni za mimba, relaksini ikiwemo, hulegeza kano za nyonga ili mtoto apate njia. Mbona mama huyohuyo akigonga miaka hamsini tunasahau kwamba homoni na kano vinahusiana?

Estrojeni, homoni ya kike, kazi yake haiishii kwenye hedhi na mimba. Seli zinazotengeneza kolajeni, ule uzi unaoshikilia ngozi, kano na kuta za uke, huitegemea. Hedhi ikikoma, kwa wengi kati ya miaka 45 na 55, estrojeni huporomoka, na ngozi hupoteza karibu theluthi ya kolajeni yake ndani ya miaka mitano ya mwanzo. Mikunjo ya uso haina neno. Kazi iko kule kusikoonekana.

Nenda kijijini Mlingotini uwaone akina mama wanaolima mwani baharini. Kuna anayeshindwa kuinua mkono hata kujisuka nywele, bega limeganda. Maradhi haya huwapata zaidi wanawake wa miaka 40 hadi 60, wenye kisukari ndiyo kabisa, na yaweza kukaa mwaka hadi mitatu. Anapewa diklofenaki, dawa ya maumivu, anarudi, anapewa tena, mpaka tumbo nalo linaanza kumuunguza. Mazoezi ya bega haonyeshwi na mtu.

Zito zaidi ni kizazi kushuka. Hilo mama hamwambii hata shoga yake. Anajifunga kitambaa, anajitwisha gunia la mwani mbichi, anaendelea. Uzazi ulilegeza, kukoma hedhi kukazidisha, mzigo ukamalizia. Na bado wapo wanaoambiwa wamerogwa! Ilhali akiwahi, mazoezi ya kubana misuli ya nyonga humsaidia. Ipo pesari, pete laini inayowekwa ukeni kukiinua kizazi. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa kuta zilizokauka. Aliyezidiwa, upasuaji upo.

Ombi langu halihitaji jengo jipya. Hawa akina mama tayari wanafika kliniki, wamemsindikiza binti, wamempakata mjukuu anayesubiri mzani. Muuguzi anamalizana na mtoto, anamgeukia mama yake, bibi hatupiwi hata jicho. Naye aulizwe, faraghani na kwa lugha ya heshima: mabega yakoje, mkojo unamponyoka, kuna kitu anahisi kinashuka? Majibu yaandikwe, apewe rufaa.

Na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akipangiwa kuja vijijini, naomba ratiba yake isitengenezwe kwa kalenda ya ofisini. Aje siku za maji mafu, bahari isipokupwa mbali. Bamvua likiingia, maji yakikupwa mbali na mashamba ya mwani kuwa wazi, hatamkuta mtu, wote wako baharini.

Wako katika utumishi,
Mkunga mstaafu, Bagamoyo