Malalamiko kuhusu fanksheni za kupima aina katika maktaba yenu ya malipo

Goma

Kwa Mkurugenzi wa Ufundi

Bwana Mkurugenzi,

Maktaba yenu ya Python (lugha ya programu) inaendesha malipo kwa simu katika maduka tunayoyahudumia hapa Goma. Mkataba unasema msimbo wote unapita mypy --strict, yaani kikaguzi cha aina za data kikiwa kwenye ukali wake wote. Unapita kweli, lakini ni kwa sababu kikaguzi kimedanganywa.

Kosa kubwa ni hili:

def ni_simu(x: str | None) -> TypeIs[str]:
    return x is not None and x.startswith("+243") and len(x) == 13

TypeIs ni ahadi kwa kikaguzi kwamba jibu la fanksheni linaonyesha aina ya x, na inabana aina pande zote mbili. Jibu likiwa True, x ni str (maandishi). Likiwa False, kikaguzi kinaiondoa str kabisa, inabaki None (hakuna thamani) peke yake. Mteja akiandika namba inayoanza na 0, kama watu wengi wanavyoandika, jibu ni False, na kwenye else mmeweka malipo ya taslimu mkiamini hakuna namba. Namba ipo. Muuzaji anaona "taslimu" kwenye skrini na sandukuni hamna hata franka. Kikaguzi hakiwezi kuwaokoa hapo: hakilinganishi mwili wa fanksheni na ahadi yake, kinahakikisha tu kwamba kinachorudi ni bool (True au False).

TypeGuard, iliyoingia Python 3.10, ingewafaa zaidi, maana inabana upande wa True tu na kuuacha ule mwingine ulivyo. Sisi tungependelea Namba = NewType("Namba", str), yaani aina maalumu ya str, kisha ni_simu irudishe TypeIs[Namba]. Kwenye else x inabaki str | None, hivyo mtalazimika kuishughulikia namba mbovu mbali na namba isiyokuwepo. Na fanksheni ya kutuma pesa ipokee Namba, si str yoyote inayopita njiani.

Kosa la pili liko kwenye fanksheni ya kupima viasi vya pesa. Inapokea list[int | str], yaani orodha ya namba kamili au maandishi, na kuahidi TypeIs[list[int]]. Mypy ilikataa, mkainyamazisha kwa # type: ignore. Ilikuwa na haki: list hubadilika, na sehemu nyingine ya programu inayoishika orodha ileile inaweza kuongeza "500" baada ya kipimo. Pokeeni Sequence[int | str], yaani mfuatano wa kusomwa tu, mwahidi Sequence[int]. Tena isinstance(True, int) ni True, kwa hiyo "kiasi": true inasomwa kama franka 1. Mkiikataa bool ndani ya kipimo hicho, msitumie TypeIs hapo tena, kwa sababu bool ni int na else itadanganya upya.

Nayo json.loads, inayosoma data ya JSON, inarudisha Any (aina isiyokaguliwa), na Any hupita kila mlango bila kuulizwa. Andikeni data: object = json.loads(mwili), muone makosa yatakavyojitokeza.

Tunadai toleo lililosahihishwa, lisilo na type: ignore kwenye vipimo, pamoja na majaribio yanayoita reveal_type, inayoonyesha aina ambayo kikaguzi kinaiona, katika matawi yote mawili. Seva zetu ziko kwenye Python 3.11, wakati TypeIs iliingia kwenye typing katika 3.13, basi ichukueni kutoka typing_extensions (maktaba inayoleta vipengele vipya vya typing kwenye matoleo ya zamani) 4.10 au ya baadaye.

Ada ya matengenezo ya robo hii tumeizuia hadi toleo hilo litufikie.

Wenu,
Timu ya programu, Goma