Barua kwa Yohana kuhusu gogogo wake sita

Sinza, Dar es Salaam
8 Juni

Mpendwa ndugu yangu Yohana,

Salamu nyingi kutoka kwetu Sinza. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima, na kwamba baridi ya Iringa ya mwezi huu haijawafungia ndani. Sisi hatujambo, isipokuwa Mama Zuhura analalamika kwamba sebule yake imegeuzwa ofisi ya uvuvi, na kwa hilo hakosei. Nimezipokea picha zako 11 pamoja na swali lako ulilolirudia mara tatu, la namna ya kuwazalisha gogogo wako sita, hao samaki wenye sharubu unaowafuga tangini, kabla mwaka haujaisha. Nimeona nikuandikie barua badala ya kukujibu kwa simu, kwa sababu jambo lenyewe ni refu, na pia ningependa uiweke kando ya tangi uisome huku ukiwatazama samaki wenyewe.

Jibu langu la kwanza halitakufurahisha. Huna gogogo sita wa aina moja, bali una aina tatu zilizovaa sare moja, na aliyekuuzia ama hakujua au hakujali. Usijilaumu, maana samaki hawa wa Ziwa Tanganyika wanafanana kuliko watoto wa shule: mwili wa rangi ya hudhurungi wenye madoa meusi, mapezi meusi yenye ukingo mweupe, na sharubu nyeupe. Watafiti wanaona kwamba kufanana huko hakukuja bure. Miiba ya mapezi yao ya kifuani ina sumu, na samaki mkubwa aliyewahi kuchomwa na mmoja huwaogopa wote waliovaa vile, hivyo kila aina inafaidika na sare ya mwenzake. Nami nina ushahidi wangu. Mwaka juzi nilimshika mmoja kwa pupa, akapanua miiba yake na kuanza kukoroma ile sauti yao ya kusaga, ambayo hutoka kwenye mashina ya miiba hiyo, kisha akanichoma gumba. Maumivu yalikuwa kama ya nyigu na kidole kilivimba hadi siku ya pili. Tangu hapo simkamati gogogo kwa wavu, kwa sababu miiba hunasa kwenye nyuzi na kumuumiza yeye pia. Namsukuma taratibu aingie kwenye kopo.

Niwataje sasa. Rahisi kuliko wote ni yule wa picha ya nne, aliyejitenga nyuma ya jiwe. Ana jicho kubwa mno kwa kichwa chake, na tumbo lake ni jeupe lisilo na doa hata moja, ilhali wenzake wana vidoa mpaka chini ya tumbo. Huyo ni Synodontis multipunctatus, jina la Kilatini lenye maana ya mwenye madoa mengi, ambalo halitusaidii hata kidogo kwa kuwa wote wana madoa mengi. Nitamrudia baadaye, kwani tabia zake ni kisa kinachojitegemea.

Watano waliobaki ndio wenye kazi. Mchukue mmoja mmoja, umweke ndani ya chombo cha kioo chenye maji ya tangini, ukisogeze karibu na dirisha wakati wa asubuhi, kisha usubiri kama dakika 10 hadi hofu imtoke, maana gogogo aliyeogopa hupauka na alama zake hazisomeki vizuri. Tazama pezi la mgongoni. Utaona pembetatu nyeusi yenye ukingo mweupe. Sasa fuata weusi huo kwa jicho, ukishuka nao hadi pale pezi linapoota kwenye mwili. Kwa Synodontis petricola weusi unashuka bila kukatika mpaka kwenye ngozi, kama wino uliomwagika. Kwa Synodontis lucipinnis weusi unakoma kabla ya kufika mwilini, na pale chini pana kijidirisha cheupe ambacho mwanga unapita. Rudia kutazama hivyo hivyo kwenye mapezi ya tumboni na lile la chini karibu na mkia. Ukiwa na shaka na pezi moja, mengine yatakuondolea. Jina la lucipinnis lina maana ya pezi lenye mwanga, na hapo nawapa wataalamu haki yao, wamelichagua vizuri.

Kwa urefu usiwategemee. Ni kweli kwamba lucipinnis ni mdogo, na mara nyingi hafiki sentimita 10, lakini petricola mchanga anaweza kulingana naye kwa miezi mingi. Ni udogo huo uliowachanganya hata wafugaji wa nje kwa miaka, wakimwita lucipinnis "petricola kibete", mpaka mwaka 2006 ambapo Jeremy Wright na Lawrence Page walipowapitia upya gogogo wa Tanganyika na kumpa jina lake, pamoja na wengine wawili waliokuwa wamejificha katika sare hiyo hiyo.

Kwa kadiri ninavyoziona picha zako, wanne ni lucipinnis na mmoja, yule mnene wa picha ya saba, ni petricola. Huyo wa saba naomba umtazame tena dirishani kabla hujaniamini.

Utauliza kuna ubaya gani wakikaa pamoja, ikiwa wanakula pamoja na hawapigani. Kwa kukaa tu hakuna ubaya. Ubaya unaanza siku wanapotaga, nami nakueleza kwa sababu nilifanya kosa hilo mwenyewe. Nilinunua wanane kwa muuzaji mmoja hapa mjini aliyeniapia kuwa ni petricola watupu. Baada ya karibu miaka miwili walitaga, nikapata vifaranga 23, nikajiona bingwa wa jiji zima, nikawagawa kwa wenzangu watano huku nikiwaambia jina kwa kinywa kipana. Miezi michache baadaye mmoja wao alinirudishia kifaranga ndani ya chupa, akaniuliza kwa upole mbona upande mmoja wa pezi una dirisha na upande wa pili wino umeshuka hadi chini. Nilikwenda kuwakagua wazazi mmoja mmoja, nikakuta watatu ni lucipinnis. Sikuweza kusema wale 23 ni nani, na hadi leo siwezi. Tayari mashamba ya nje yanazalisha chotara wa gogogo kwa sindano za homoni na kuwauza kwa majina ya kubuni, na mimi niliongeza wangu bila hata sindano. Inaniuma zaidi kwa sababu samaki hawa ni wa kwetu, wanaishi kwenye mawe ya Kigoma, na hatuna kisingizio cha kutowajua.

Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, mtoe petricola, umtoe na huyo mwenye jicho kubwa, ubaki na wale wanne. Kisha wageuze mmoja mmoja chali kwenye kiganja kilicholowa, kwa taratibu na ukijihadhari na miiba, uangalie kinundu kidogo kilicho karibu na njia ya haja. Cha dume kimechongoka, cha jike ni cha mviringo na huonekana kimetuna. Samaki wachanga hawasomeki, na kama wako hawajafikisha mwaka ningekushauri usiwasumbue kwanza. Nakuhesabia jike mmoja kwa uhakika, yule mwenye tumbo la kitenge kilichofungwa vibaya.

Maji ndiyo yatakayokusumbua zaidi kuliko mimi. Ziwa Tanganyika lina maji magumu yenye pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, inayokaribia 9, na joto la nyuzi 25 au 26 hivi karibu na uso wake. Mimi hapa Dar es Salaam sina hita na sijawahi kuihitaji; shida yangu ni mwezi wa pili, tangi linapofika nyuzi 30 na inanibidi niache mfuniko wazi na kuongeza jiwe la hewa. Wewe huko Iringa huwezi kufanya lolote bila hita, tena yenye kipimajoto unachokiamini. Pima pH ya maji yako kabla ya kuongeza kitu. Yakiwa laini, weka kwenye filta mfuko wa makombe makavu ya pwani yaliyooshwa na kuchemshwa. Yatayeyuka polepole na kuyafanya maji yawe magumu. Nimekufungia kilo mbili, atakuletea mpwa wangu. Maji ya bomba uyaache kwenye ndoo wazi usiku mzima, au utumie dawa ya kuondoa klorini.

Sasa mahali pa kutagia. Gogogo wa aina hii hawajengi kiota wala hawalei. Hutaga mayai yakaanguka popote, na wazazi wenyewe huwa wa kwanza kuyala. Dawa yake ni gololi. Chukua bakuli pana, lijaze gololi za kuchezea watoto kwa tabaka mbili au tatu, kisha lifunike kwa chungu cha maua kilichopinduliwa na kutobolewa mlango ubavuni, ili wapate pango lenye giza. Mayai yatateleza katikati ya gololi mahali ambapo midomo haifiki. Walishe vizuri kwa wiki mbili, wadudu na vipande vidogo vya kamba, halafu ubadilishe theluthi moja ya maji kwa maji yaliyopoa kidogo kuliko ya tangini. Wangu walitaga alfajiri iliyofuata. Niliamka kwa swala nikasikia kelele kwenye chungu, nikawasha tochi ya simu, nikawaona wamebanana ubavu kwa ubavu wakitetemeka. Usiwamulike kama mimi, maana waliacha mara moja na sijui nilipoteza mayai mangapi.

Kulipokucha niliinua bakuli zima polepole, nikaondoa gololi moja moja ndani ya beseni lenye maji yale yale, na mayai yakabaki chini, madogo kama mbegu za mchicha lakini yanayopenya mwanga, kiasi kwamba niliyaona tu nilipoweka kitambaa cheusi chini ya beseni. Yaliyogeuka meupe yameoza. Yanyonye kwa bomba dogo kila baada ya saa chache kabla ukungu haujaenea kwa mengine. Jiwe la hewa lipulize polepole kando yake. Yangu yaliangua siku ya tatu, na vifaranga walibaki wameinamia mfuko wao wa kiini mpaka karibu wiki. Hapo ndipo wanapotaka chakula hai, na hakuna kizuri kuliko artemia, vijikamba vidogo vya maji ya chumvi, walioangua siku hiyo hiyo. Nunua pampu ya hewa ya betri mapema. Mzao wangu wa pili ulikufa wote usiku mmoja wa masika umeme ulipokatika saa tano hadi alfajiri, nami nimelala fofofo nikidhani mambo ni shwari.

Nimalizie huyo mwenye jicho kubwa. Gololi hazimhusu, kwa maana yeye ni kekeo wa majini, kama yule ndege anayetaga katika viota vya wenzake. Furu, samaki wa jamii ya sato, wengi wao hutunza mayai yao mdomoni, na multipunctatus amelifanya hilo kuwa riziki yake. Furu jike anapotaga na kuyaokota mayai yake, gogogo hawa huvamia, wakala baadhi ya mayai ya mwenyeji huku wakidondosha ya kwao, na mama wa watu huyakusanya yote bila kubagua. Mayai ya gogogo huangua mapema kuliko ya furu, kisha vifaranga wake huwala watoto wa mwenye nyumba humo humo mdomoni. Mtafiti wa Kijapani aliyelitangaza jambo hilo katika jarida la Nature mwaka 1986 anaitwa Tetsu Sato, na nilipomweleza Mama Zuhura kwamba siri ya gogogo na furu ilifichuliwa na Sato alicheka hadi akakaa chini. Kuwazalisha kunahitaji kundi la gogogo hao pamoja na furu majike wenye afya katika tangi kubwa, na kwa tangi lako la lita 150 sikushauri ujaribu. Mmoja peke yake ataishi vizuri tu na samaki wengine wasio wadogo.

Yule petricola nisingependa akae mpweke, na mimi nina wenzake watano niliowakagua pezi kwa pezi. Unieleze nikutumie nani badala yake. Nina lucipinnis dume wawili wa ziada, na nadhani ndicho unachokikosa. Ukikubali, mpakie petricola Jumamosi kwenye basi la asubuhi, nami nitampokea mwenyewe stendi ya Mbezi. Usimtie kwenye mfuko wa nailoni, maana miiba itautoboa kabla basi halijafika Mikumi. Tumia ndoo ndogo yenye mfuniko uliotobolewa, maji nusu, na ile pampu ya betri. Usimlishe kuanzia Alhamisi, asije akayachafua maji njiani.

Wako ndugu yako,
Hamisi