Wanangu wa meza ya michezo, tusomeeni matokeo yote

Wanangu na wajukuu zangu mnaokaa mbele ya maikrofoni,

Salamu nyingi. Ninawaandikia kwa jambo moja tu, na sikuja kugomba. Vipindi vyenu ninavisikiliza kila wiki. Mnawahoji makocha, mnachambua mifumo, mnatupa habari za usajili wino ungali mbichi. Sisi enzi zetu hatukuyapata hayo. Ila kuna kitu mmekiacha njiani, nacho ninakililia: hamtusomei tena matokeo yote ya soka.

Niwape kisa kwanza. Nilipokuwa kijana nilikuwa nikisikiliza matokeo ya Uingereza kwa masafa mafupi. Aliyewahi kuyasikiliza anaijua tabia yake, sauti hujaa na kupwa kama bahari. Baba alishika penseli na ratiba aliyoikata gazetini, na hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Jumamosi moja timu yangu ilikuwa ugenini. Msomaji akaitaja timu mwenyeji, akasema moja. Akalitaja jina la timu yangu, sauti yake ikapanda, na papo hapo mawimbi yakammeza. Namba sikuisikia. Lakini niliruka juu, maana nilijua tumeshinda! Kwa mangapi, sikujua mpaka gazeti lilipofika. Siku mbili nzima nilitembea na ushindi usio na namba, na sidhani kama kuna ushindi nilioufurahia kuliko ule.

Ile ilikuwa kazi ya sauti, wanangu. Timu mwenyeji husomwa kwanza, kwa sauti tulivu. Kisha linakuja jina la mgeni. Likipanda, mgeni ameshinda. Likishuka, amefungwa. Likibaki palepale, wamegawana pointi. Msikilizaji anajua kabla hajaambiwa, halafu namba inakuja kumthibitishia. Bingwa wa usomaji huo alikuwa James Alexander Gordon, Mskoti aliyeyasoma matokeo katika redio ya BBC tangu miaka ya 1970 mpaka 2013. Kwake matokeo hayakuwa orodha tu. Kila mstari aliusoma kama habari ya watu, waliofurahi huku na waliohuzunika kule. Mwaka huo wa 2013 saratani ilisababisha aondolewe zoloto, kiungo kile kinachotoa sauti, na mwaka uliofuata akafariki. Ninapolikumbuka hilo huwa ninanyamaza kidogo.

Uangalifu ule ulikuwa na sababu yake. Mamilioni ya Waingereza walikuwa wakijaza karatasi za kubashiri sare, na kwenye karatasi zile sare ya mabao ilikuwa na uzito kuliko ile ya bila kwa bila. Namba moja ikisikika vibaya, mtu alijiona tajiri kwa dakika tano. Ninyi mmerithi lugha iliyokwisha kuwarahisishia kazi: mkisema suluhu, tunajua hakuna bao, mkisema sare, tunajua nyavu zimetikiswa pande zote mbili. Siku hizi ninasikia watangazaji wakiyachanganya maneno haya mawili, na inaniuma, kwa sababu yaliokoa maelezo mengi.

Mtaniambia kila mtu ana simu. Ni kweli, bao likifungwa simu inatetemeka mfukoni kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Basi tazameni yaliyotokea Agosti 2022. Msimu ulipoanza, BBC iliacha kuyasoma matokeo yote katika kipindi chake cha Jumamosi jioni, kipindi kilichoanza Januari 1948, kwa sababu muda wake ulikuwa umefupishwa kupisha matangazo ya mechi. Wasikilizaji walilalamika mpaka jambo likaandikwa magazetini. Watu hao walikuwa na simu. Hawakukosa habari. Walichokosa ni ile dakika ambayo wote, aliyeko jikoni na aliyeko barabarani, wanangoja mstari uleule kutoka kinywa kimoja. Simu inakupa timu yako peke yake. Msomaji alikulazimisha upite kwa wengine kwanza.

Na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Orodha ile ilishuka madaraja manne ya England, timu 92, kisha ikavuka kwenda Uskoti. Nilizijua Stenhousemuir, Cowdenbeath na Queen of the South kwa sikio kabla sijaziona kwenye ramani yoyote. Arsenal ilipewa pumzi moja, na Forfar, timu ndogo ya Uskoti, ikapewa pumzi ileile. Hakuna aliyeharakishwa kwa sababu uwanja wake ni mdogo. Leo mnatutajia vigogo watatu, mnasema "na matokeo mengine yako kwenye ukurasa wetu". Kila ninaposikia hivyo ninamfikiria yule golikipa wa daraja la chini aliyeokoa penalti mvuani, na mama yake aliyekaa kando ya redio.

Ninajua pia kwamba nyakati si zilezile. Zamani karibu mechi zote za Uingereza zilianza pamoja Jumamosi saa tisa alasiri kwa saa za kule, na saa kumi na moja orodha ilikuwa imekamilika. Televisheni imezitawanya, moja Ijumaa, nyingine Jumapili mchana, nyingine Jumatatu usiku. Orodha yenu itakuwa na mapengo. Isomeni hivyohivyo, na iliyobaki muisome siku itakayokamilika.

Mkikubali, nina maombi machache. Majina myaulize mapema. Jina la timu likikosewa, mashabiki wake wanajiona wageni nyumbani kwao. Msiweke muziki chini ya sauti. Msichambue katikati ya orodha, hata kama timu yenu imefungwa saba, uchambuzi una zamu yake. Mechi iliyoahirishwa itajwe, na iliyovunjika njiani itajwe, kwa sababu asiyesikia kitu kabisa huanza kuwaza mabaya. Na baada ya kila mstari mpumue kidogo, muda wa mtu kuandika. Dakika tano zinatosha. Mnazipoteza nyingi zaidi mkibishana kuhusu mwamuzi.

Macho yangu sasa hayayawezi maandishi madogo ya simu, na wajukuu huchoka kunisomea wakifika daraja la pili. Siwalaumu, nao wana mambo yao. Kwa Jumamosi hii nimeiandika ratiba yote kwa herufi kubwa, madaraja yote, na mbele ya kila jina nimeacha nafasi ya namba.

Ni mimi mzee wenu,
msikilizaji wa siku nyingi