Chuma mbele, chuma mgongoni

Walukuba, Jinja
Jumapili, baada ya Alasiri

Somo yangu,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto na wale mapacha. Sisi huku hatujambo. Mvua imenyesha siku tatu mfululizo, na bati la jimu linavuja palepale unapopajua, juu ya benchi.

Baada ya salamu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Nimeona nikujibu kwa maandishi, kwa sababu mambo ya mwili ukiyasikia tu unasahau nusu, na karatasi unaweza kuibandika ukutani pale unapofanyia mazoezi. Unasema kiuno kimekukamata tena, na unauliza kama uache skwati kabisa, yaani kuchutama na kuinuka na chuma mgongoni, au upeleke chuma mbele, juu ya mabega chini ya koo, kama nilivyofanya mimi. Usiache. Peleka chuma mbele kwa miezi michache, halafu utarudi mgongoni ukiwa mtu mwingine.

Ila kwanza nijibu hili kwa ukweli: maumivu yanashuka mguuni? Vidole vya mguu vinakufa ganzi? Kama ni hivyo, usiguse chuma hadi daktari akuone, hata kile kitupu. Kama ni kiuno kinachokaza tu baada ya kubeba magunia mchana na skwati za jioni, basi endelea kusoma.

Ulikuwa umeshahamia huko mpakani Malaba yaliponikuta yangu, kwa hiyo hukuona. Nilikuwa na kilo 110 mgongoni, mara ya nne kati ya tano. Nikashuka vizuri. Kupanda, makalio yakatangulia, kifua kikabaki chini, nikawa kama mtu anayeinama kuokota sarafu huku amebeba mlango. Vijana wawili wakakidaka chuma huku na huku, la sivyo kingenilaza. Wiki mbili nilifunga kamba za viatu huku nimeshika ukuta. Nilimwambia kocha wa jimu kwamba siku ile nilikosea. Akanijibu, "Hukuanza kukosea siku ile." Akanieleza kwamba miezi mingi alikuwa akiniona ninavyoinama, na mgongo ukinivumilia, na mimi nikihesabu kilo tu.

Neno hilo sijalisahau, na ndiyo sababu ya barua yote hii. Chuma kikiwa mgongoni, kosa linaweza kufichika muda mrefu. Unainama kidogo, kiuno kinafidia, zoezi linahesabiwa. Kikiwa mbele hakikupi nafasi hiyo: ukiinama, kinabiringika na kuondoka. Unajua palepale.

Siku ya kwanza kocha alinipa chuma kitupu, kile cha kilo 20, na akanikataza kukishika. "Nyoosha mikono mbele kama anayetembea usingizini," aliniambia, kisha akakilaza juu ya mabega yangu, kwenye kile kishimo kilicho kati ya msuli wa bega na koo. Nikasimama pale mikono hewani, nikingoja kianguke. Hakikuanguka. Nikiinua mikono kidogo kinatulia. Nikiishusha kidogo tu kinaanza kujivuta kuelekea kwenye viwiko. Nilichutama mara tano hivyo. Kufika ya tano nilikuwa nimeelewa kwa mwili kwamba chuma hiki kinabebwa na mabega, na kazi ya mikono ni kukizuia kisibiringike, basi. Anza na hilo, somo yangu. Usiruke. Mwombe kijana mmoja asimame karibu, mfanye hivyo siku mbili tatu kabla hujatia hata kilo moja pembeni.

Mikono ilipoingia nilifanya kosa wanalofanya wengi. Nilikibana kwa viganja vyote viwili, vifundo vya mikono vikapinda, vikauma hadi nikashindwa kushika spana dukani. Dawa yake ni kulegeza. Tia vidole viwili au vitatu chini ya chuma, acha kiganja kifunguke, na viwiko vitazame ukuta wa mbele, visitazame sakafu. Kocha alikuwa akisimama mbele yangu na kuweka viganja vyake kwenye kimo cha viwiko vyangu. "Nigonge hapa," ndiyo amri yake pekee. Kila ninapopanda lazima viwiko viguse viganja vyake. Mara zile ambazo havikugusa, chuma kilikuwa tayari kinateremka, kifua kimekunjika, na nilikuwa nakipigania kwa mikono.

Koo nalo litalalamika. Mara ya kwanza nilihisi nanyongwa. Rudisha kidevu nyuma kidogo, inua mabega kana kwamba unataka yaguse masikio, na chuma kitapata rafu yake ya kukaa. Juu ya mitulinga utapata wekundu kwa wiki mbili hivi, halafu ngozi inazoea. Wapo wanaopishanisha mikono kifuani badala ya kutia vidole chini. Kwa mtu mwenye vifundo vigumu inasaidia, lakini mimi siipendi, naona bega moja linapanda kuliko lenzake. Afadhali ufunge vipande viwili vya mkanda wa turubai kwenye chuma, uvishike kama hatamu, mpaka vifundo vilegee.

Kilichonichelewesha kuliko vyote, hata hivyo, ni nyayo. Kila nikifika chini visigino vinanyanyuka. Nilidhani ni uoga. Kisha Jumamosi moja nilikwenda Masese, kando ya ziwa, kununua mukene, wale dagaa wetu, nikamkuta mama mmoja, mtu mzima, umri wa mama yangu, anageuza mukene wake juani. Amechutama. Visigino viko chini kabisa, kifua kimesimama, magoti yamepita mbele ya vidole, na anasogea hatua kwa hatua bila kuinuka, akigeuza na kuchambua, muda wote ambao mimi nilikuwa nangoja chenji. Nikatamani kocha awepo aone. Yule mama hajawahi kukaa kwenye kiti cha duka kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kama ninavyokaa mimi nikiuza vipuri vya pikipiki. Vifundo vyangu vya miguu vilikuwa vimesahau. Wanangu wanachutama hivyo wakicheza shanga, na mimi nilichutama hivyo utotoni.

Tangu hapo kila asubuhi, chai ikichemka, nachutama dakika tano nikishika mguu wa meza, na jioni naegemea ukuta na kusukuma goti mbele huku kisigino kimebaki chini. Wakati huohuo kocha alinipa kibao cha unene wa vidole viwili nikanyagie kwa visigino, na kwa kibao hicho nilishuka vizuri siku ileile. Sioni aibu kukitumia. Baada ya miezi miwili sikukihitaji tena.

Sasa uliuliza tofauti ya skwati ya mbele na ya nyuma ni nini hasa, maana zote mbili ni kushuka na kupanda na mzigo. Wewe wa magunia utaielewa upesi kuliko mimi. Ukikumbatia gunia kifuani, ukainama, linakuvuta uanguke nalo, kwa hiyo unasimamisha kifua upende usipende. Ukilibeba mgongoni, unainama mbele ili lisikuangushe nyuma. Chuma ni hivyohivyo: ili usianguke lazima kibaki juu ya katikati ya wayo. Kikiwa mbele, mwili unasimama wima, magoti yanakwenda mbele, na kazi kubwa inaangukia misuli ya mbele ya paja. Kikiwa mgongoni, nyonga zinarudi nyuma, kifua kinalala kidogo, na makalio na kiuno vinachukua sehemu yao kubwa zaidi. Na kadiri unavyokishusha chuma chini mgongoni, chini kidogo ya kilele cha mabega kama wafanyavyo wengi wa mashindano ya nguvu, ndivyo unavyolala zaidi na kubeba kilo nyingi zaidi.

Ndiyo maana usitegemee kilo zilezile. Watu wengi waliozoea zote mbili, chuma cha mbele kwao ni kama asilimia 80 hadi 85 ya kile cha mgongoni. Mimi nilikuwa na 120 mgongoni kwa siku nzuri, na mbele nilianza kwa 40, nikashindwa na 60. Iliniuma. Miezi minne baadaye nikachutama na 95, kifua wima, mara mbili, na hiyo naihesabu kubwa kuliko ile 120. Miguu haikuwa na shida tangu mwanzo. Kilichokuwa kinashindwa ni mgongo wa juu, hapa katikati ya mabega, ambao haukuwahi kufanyishwa kazi ya kuzuia kifua kisikunjike. Huo ndio utakaochoka kwanza kwako pia. Kwa hiyo fanya mara tatu, ukizidi sana tano, upumzike, urudie. Ukijilazimisha mara kumi na mbili, za mwisho zote zitakuwa za viwiko vilivyoanguka, na pumzi itakuwa imekwisha.

Pumzi nayo: vuta yote ukiwa umesimama, ijaze tumbo pande zote hadi mkanda ukaze, shuka nayo, panda nayo, uiachie ukishapita pale panapogoma. Ukiiachia chini, kifua kinaporomoka.

Kuhusu magoti ambayo mkeo anayaogopa, mwambie kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009. Walipimwa watu 15 wenye uzoefu, wakachutama kwa namna zote mbili, kila namna kwa asilimia 70 ya uwezo wao. Misuli ilifanya kazi karibu sawasawa, ingawa chuma cha mbele kilikuwa chepesi, na mgandamizo kwenye goti ulikuwa mkubwa zaidi chuma kilipokuwa mgongoni. Watu 15 ni wachache, sitaki uuchukue kama Msahafu. Lakini unakubaliana na ninayoyasikia mwilini mwangu: miguu inapata kazi yake, na kiuno kinaamka salama kesho yake.

Jambo jingine, kwa kuwa unafanya mazoezi peke yako usiku baada ya malori kupungua. Chuma cha mbele kikikushinda unashusha viwiko, unarudi nyuma nusu hatua, kinaanguka mbele yako. Weka matairi mawili ya zamani pale chini. Cha mgongoni kikikukamata chini na huna mtu wala nondo za kukizuia pembeni, hali ni nyingine kabisa, na mimi nimeshakusimulia yangu nikiwa na vijana wawili. Tafadhali, mpaka fundi akuchomelee stendi yenye nondo za pembeni, usiweke kitu kizito mgongoni ukiwa peke yako. Nakuomba kama ndugu.

Hata hivyo sikuambii uitupe skwati ya nyuma. Kocha wetu ametoka kwenye unyanyuaji wa vyuma wa Olimpiki, na kwao chuma cha mbele hakina hiari, maana wakikivuta kutoka sakafuni wanakipokea mabegani wakiwa wamechutama, lazima wainuke nacho. Na bado hata yeye anatuwekea ya nyuma kila wiki. Nyonga na makalio ndiyo yanayokulisha wewe pale Malaba, na uzito mkubwa mgongoni, ukibebwa vizuri, unayajenga sana. Mimi sasa Jumatatu naanza na ya mbele nikiwa na nguvu zote, seti tano za mara tatu. Alhamisi ni ya nyuma, nyepesi kuliko zamani. Wiki iliyopita niliweka tena zile 110. Nilizisikia tofauti tangu nilipozitoa kwenye stendi: kifua kilibaki juu chenyewe, bila mimi kukikumbusha, na makalio na mabega vikapanda pamoja. Kocha alikuwa anakunywa chai mlangoni. Hakusema kitu, aliitikia kwa kichwa mara moja tu, nami nikakirudisha chuma na kukaa chini kwa furaha.

Kwako nashauri hivi: wiki ya kwanza chuma kitupu, mikono mbele, halafu vidole viwili. Wiki ya pili kilo tano kila upande kama viwiko vinabaki juu, kama haviko juu basi bado. Kila siku dakika tano za kuchutama, hata ukiwa unangoja lori. Mwambie kijana akupige video kutoka ubavuni, siyo kutoka mbele, maana mbele kila mtu anaonekana sawa. Nitumie kila Ijumaa, nitaitazama na kocha na nitakuandikia tulichokiona.

Na kama utapata lori la kuja Kampala kabla ya Idi, shuka Jinja. Mama amekuulizia mara mbili, na kile kibao cha visigino nimekuhifadhia nyuma ya mlango.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi somo yako,
wa Walukuba