Nikae upande wa Dada au upande wa meneja?

Shangazi shikamoo, na nyinyi wasomaji wenzangu nawasalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 33, naishi Likoni na ni keshia kwenye supamaketi moja kubwa hapa Mombasa, jina sitalitaja manake bado nakula kwao, ila ni hizi zenye matawi mpaka bara. Mwaka huu nafikisha miaka 6. Naandika saa sita usiku watoto washalala, na Alhamisi saa nne asubuhi kuna kikao ambacho lazima niwe nishaamua, kwa hivyo mkiweza kunijibu mapema nitashukuru sana.

Nianze na hii kazi yenyewe, kwa sababu mtu akija na kikapu chake anaona tu msichana mwenye yunifomu anapitisha vitu kwenye mashine. Shifti ya mchana naingia saa saba. Langoni unaandikisha kwenye kitabu umebeba pesa ngapi, hata kama ni mia moja ya matatu, simu unaiacha kwenye loka, na yunifomu yenyewe haina mfuko hata mmoja. Unapewa floti ya sarafu na noti ndogo, unahesabu, unatia sahihi, na kuanzia hapo kila shilingi iliyo kwenye ile droo ni jukumu lako mpaka usiku. Zikizidi ni za kampuni, zikipungua ni shoti na shoti unalipa wewe. Twasimama masaa nane au tisa, kiti hakuna. Ukitaka kwenda choo unainua mkono unangoja supavaiza aje afunge tili, yaani hiyo mashine yako ya malipo, kwa kadi yake, na kama foleni ni ndefu atakuambia subiri kidogo, na hicho kidogo mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili nakijua vizuri. Bei ya kwenye rafu ikitofautiana na ya kwenye mashine unayetukanwa ni wewe, na si wewe uliyeibandika. Alafu kompyuta inahesabu kwa dakika umeskani vitu vingapi, Jumatatu orodha inabandikwa pale karibu na loka, majina ya chini yanaitwa ofisini. Milango inafungwa saa tatu usiku lakini mpaka uhesabu, ukabidhi, upekuliwe langoni, ni saa nne na nusu ndio unatafuta matatu ya kwenda feri.

Lakini msidhani naichukia, naipenda hii kazi jamani. Namba za mboga na matunda za kwenye mizani nazijua zote kwa kichwa, kuanzia dania mpaka nanasi. Kuna mzee mmoja kila tarehe moja lazima apange foleni yangu hata kama nyingine ni fupi, anasema mimi humhesabia chenji polepole mkononi mwake akaielewa. Hivyo vitu vidogo ndivyo vimenifanya nikae miaka yote hii, ingawa mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu, unaisha unapumzishwa siku kadhaa unaitwa tena, na ukishakatwa NSSF ya uzeeni na SHIF ya matibabu na ile ya nyumba haibaki 25,000 mkononi.

Sasa kisa chenyewe. Kuna mwenzetu mmoja sote twamwita Dada, ni mkubwa kwetu, alifanya kazi duka jingine kubwa kabla halijafungwa ndio akaja kwetu. Yeye ndiye aliyenifunza tili. Wiki yangu ya kwanza nilipata shoti ya 3,000, nililia pale pale kaunta, na Dada akatoa 1,500 yake akaniambia nilipe nusu nyingine tu, nisimwambie mtu. Mpaka leo hajawahi kunitajia tena.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi uliopita duka lilijaa, nyinyi mwajua watu wakishapata mshahara. Siku hizi wengi wanalipa kwa M-Pesa lakini siku kama ile noti pia zinakuwa nyingi, na droo ikijaa supavaiza anakuja kuzipunguza. Utaratibu ni huu, mnahesabu wawili pale pale, mnaandika kwenye karatasi, mnatia sahihi wote wawili, zinaingia kwenye mfuko unafungwa mbele yako ndio zinapelekwa juu kwenye sefu. Mimi nilikuwa tili ya nyuma yake, tumepeana mgongo. Supavaiza akaja mbio, foleni imefika mpaka kwenye rafu za sabuni, akamwambia "we tia sahihi tu tutahesabu juu". Nimemsikia kwa masikio yangu, nikageuka nikaona amebeba mabunda bila kuhesabu. Usiku kufunga hesabu Dada ana shoti ya 18,500.

Supavaiza anasema walihesabu pamoja. Dada anasema hawakuhesabu. Kamera ya upande ule wanasema haionyeshi vizuri. Jumatatu akapewa barua ya kutakiwa ajieleze, ile tunaita shoo kozi, na ndani yake kuna neno wizi. Sisemi supavaiza ameiba, sijui na sitaki kumzulia mtu, pengine ni bunda limehesabiwa vibaya, pengine kuna chenji ilizidishwa kwa mteja. Na ukweli mwingine nauweka hapa kwa sababu unanisumbua, mimi mwenyewe nimewahi kutia sahihi kabla ya kuhesabu, si mara moja wala mbili. Wote twafanya siku za msongamano. Ukisema hapana tuhesabu kwanza, foleni inasimama, meneja anapiga simu kutoka juu kuuliza tili namba fulani kuna nini, na Jumatatu jina lako liko chini kwenye orodha. Kwa hivyo sheria ipo ukutani lakini ukiifuata unaadhibiwa kwa mwendo, usipoifuata unaadhibiwa kwa shoti.

Jumatano iliyopita meneja wa tawi akaniita ofisini, akaniambia vizuri kabisa kwamba supavaiza yule anahamishiwa tawi jipya na mimi ndiye wanataka nichukue nafasi yake, mkataba wa kudumu, mshahara unapanda, bima ya watoto. Shangazi nimeingoja hiyo siku miaka sita. Alafu akasukuma karatasi mezani, imeshachapwa, inasema mimi nilikuwa tili ya karibu na nilishuhudia pesa zikihesabiwa. "Weka sahihi tu, huyu dadako atakatwa polepole haitamuumiza." Nikamwambia nipe niisome nyumbani. Akanipa, lakini alivyoniangalia nilijua hakupenda.

Jioni ile ile Dada ananingoja nje stejini. Ananiambia HR, ile ofisi ya mambo ya wafanyakazi, wamemwita kikao Alhamisi ya wiki hii na ameambiwa anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake, ananiomba niwe mimi. Hajui kuhusu karatasi. Nimeshindwa kumwambia, nimemjibu nitaangalia ratiba yangu, na tangu hapo sijalala vizuri.

Nina mpwa wangu anasoma mambo ya sheria chuo, amenifungulia Sheria ya Ajira ya 2007 kwenye simu. Kifungu cha 41 kinasema kabla ya mtu kufukuzwa kwa makosa lazima aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama anayemchagua mwenyewe. Kwa hivyo Dada hajakosea kuniomba. Kifungu cha 19 nacho kinaruhusu keshia akatwe pesa zilizopungua, lakini ziwe zimepungua kwa uzembe wake au kwa kukosa uaminifu, na mkataba wake useme wazi kwamba amekabidhiwa kazi ya pesa, na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili ya mshahara. Sasa ndio nauliza, kama mkubwa wako amekuamrisha utie sahihi bila kuhesabu, uzembe hapo ni wa nani? Mpwa wangu anasema hilo ndilo kikao kinatakiwa kuamua na kwamba ushahidi wangu ndio kila kitu. Hilo neno "kila kitu" limenitisha zaidi.

Mume wangu ni kibarua bandarini, kuna wiki anaitwa kuna wiki haitwi. Yeye anasema nitie sahihi, Dada ataelewa, watoto kwanza. Simlaumu, ndiye anayejua nyumba hii ikikosa mshahara wangu inakuwaje. Ananikumbusha pia kazi za supamaketi si za kuchezea, na kweli tumeona, supamaketi ya Uchumi ilifungwa 2006 ikafufuliwa ikaanguka tena, Nakumatt iliyokuwa kubwa kuliko zote wadai walipiga kura Januari 2020 ifungwe kabisa, Tuskys nayo mwaka huo huo ikaanza kufunga matawi. Maelfu ya watu wamebaki bila kazi, na wengine ndio hao wamepanga foleni nje kwetu kila tukitangaza nafasi mbili. Dada alipitia hayo. Hunieleza kwamba sisi wa dukani hujua kabla ya magazeti, wa kwanza kukataa kuleta ni watu wa maziwa na mkate, wanataka pesa taslimu, alafu rafu zinaanza kupangwa kitu kimoja kimoja mbele ili zisionekane tupu. Akifukuzwa kwa neno wizi na umri wake ule hakuna supamaketi nyingine itamchukua, hawa watu hupigiana simu.

Mama yangu nilipomwambia hakusema nifanye nini, aliniuliza tu ile 1,500 nilimrudishia? Sikuwahi.

Naomba ushauri hasa kwa waliowahi kufanya kazi kwenye kampuni kubwa kama hizi, keshia, watu wa stoku, hata mameneja. Je naweza kukataa kutia sahihi ile karatasi bila kutoa sababu, nirudishe tu hivyo ilivyo? Nikienda na Dada kwenye kikao naruhusiwa kusema nilichoona, au anayemsindikiza mtu hawezi tena kuwa shahidi? Na nikishasema, mkataba wangu unaisha tarehe 30, hawahitaji hata kunifukuza, wananyamaza tu wasiniite tena, hapo kuna pa kulalamika? Kuna mtu ameniambia niende kwa chama cha wafanyakazi lakini sisi wa miezi mitatu wengi hatujajiandikisha, sijui kama watanisikiliza nikijiunga leo na shida ni ya kesho kutwa. Na la mwisho, ambalo si la sheria, nimwambie Dada kuhusu karatasi kabla ya Alhamisi au nikiwa ndani?

Kesho niko shifti ya asubuhi, tili yangu na yake zimepeana mgongo kama kawaida. Nitasoma majibu jioni nikitoka feri.

Keshia wa Likoni