Barua kwa Sahibu Yangu Kuhusu Mzee Ally Sykes

Sahibu yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana. Barua yako nimeipata na nimefurahi kusikia nyote hamjambo. Sisi tu wazima, alhamdulillahi.

Umeniuliza Mzee Ally Sykes alikuwa nani hasa, maana kila unapomsikia akitajwa ni "kadi ya TANU namba 2", kadi ya chama kile kilichopigania uhuru wa Tanganyika, basi, mazungumzo yakahamia kwingine. Hapo umenigusa. Mtu mzima na maisha yake yote anabakia namba!

Habari zake huwezi kuzitenga na za ukoo wake. Babu yake, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji akaja na jeshi la Wissmann, kamanda wa Wajerumani. Baba yake, Kleist, akapigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Vita ya Pili ilipozuka, Ally na kaka yake Abdulwahid wakavaa sare za King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, wakapelekwa Burma, safari hii chini ya Waingereza. Vizazi vitatu vya askari, na hakuna hata kimoja kilichopigana chini ya bendera yake mwenyewe. Ally alizaliwa 1926, kwa hiyo vita vilipokwisha 1945 alikuwa hajafika hata miaka 20. Inasimuliwa kwamba askari wa Tanganyika walipokuwa kambini India wakingoja kurudishwa nyumbani, Abdulwahid na wenzake walikuwa tayari wanazungumza habari za kuunda chama cha siasa. Kwao siasa haikuwa ngeni. Kleist ndiye aliyekuwa katibu wa African Association, chama cha Waafrika kilichoitangulia TANU, ilipoundwa 1929, huku akifanya biashara zake mjini. Kwa hiyo Ally alikulia katika nyumba ambayo jeshi, biashara na shughuli za watu vilikaa pamoja, na mimi naamini maisha yake yote yalitokana na hapo.

Sasa turudi kwenye hiyo kadi. Watu huangalia namba 2 wakasahau namba 1. Kadi namba 1 ni ya Julius Nyerere, na sahihi iliyotiwa humo ni ya Ally Sykes. Kadi za mwanzo zilichapwa kwa fedha zake mwenyewe. Ukumbuke pia kwamba mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilikwishapiga marufuku watumishi wake kujiingiza kwenye siasa, na Ally alikuwa mtumishi wa serikali. Aliposhika kalamu ile alikuwa anahatarisha ajira yake na mkate wa watoto wake, na jina lake aliliandika wazi. Wapo waliotoa mchango kwa siri, na siwalaumu, nyakati zilikuwa ngumu. Yeye alitia sahihi.

Baada ya hapo ni biashara, na upande huu ndio unaosahauliwa kabisa. Muziki aliupenda tangu ujana, akashirikiana na Peter Colmore wa Nairobi katika shughuli za muziki na burudani. Halafu likaja Azimio la Arusha, 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa. Miiko ya uongozi ikakataza kiongozi kuwa na hisa kwenye kampuni, kupangisha nyumba, kupokea mishahara miwili. Mtu wa biashara kama yeye angeongozaje chama ambacho yeye mwenyewe alisaidia kukianzisha? Mimi naona hapo ndipo jina lake lilipoanza kufifia. Hakuna aliyelifuta. Mfanyabiashara tu hakuwa mtu wa kusifiwa hadharani miaka ile, hata kama fedha za biashara ndizo zilizokuwa zimekilea chama kilipokuwa kichanga. Hilo linaniuma mpaka leo, nakwambia kweli.

Kaka yake Abdulwahid alifariki 1968, bado kijana wa miaka arobaini na kitu. Ally ndiye aliyebaki na nyaraka za ukoo: barua za baba yao, karatasi za African Association, mambo ya TANU. Alizitunza miaka na miaka, na mwanahistoria alipotaka kuandika maisha ya Abdulwahid, akamfungulia. Hebu fikiria karatasi za tangu zama za Kleist, na joto letu hili la pwani, na mchwa! Kwangu mimi, utunzaji ule ndio mapenzi makubwa kabisa aliyowaonyesha baba yake na kaka yake. Bila yeye tungekuwa tunabishana kwa kukisia tu.

Desemba 2011, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 50 ya uhuru, Rais Kikwete alimtunuku nishani, na Abdulwahid naye akatunukiwa ya kwake, marehemu. Mzee Ally alifariki Mei 2013. Nashukuru kwamba alitunukiwa angali hai.

Mwanao akiandika habari zake shuleni, mwambie aanze na Burma, kisha biashara na muziki, ndipo afike kwenye kadi. Akikwama aniandikie, nitamjibu kwa furaha. Nisalimie mama watoto na wazee wote hapo.

Wako sahibu akupendaye.