Flashi ibebe kazi pamoja na historia yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe wakufunzi wa kompyuta katika vyuo vya hapa Dar es Salaam waache kupokea kazi za wanafunzi zilizonakiliwa folda kwa folda kwenye flashi, na badala yake wawafundishe kubeba humo hifadhi ya Git, yaani folda ambamo programu iitwayo Git hutunza historia ya mabadiliko yote ya kazi. Mimi ni msanidi programu, ninaishi Sinza, na kwa miaka kadhaa nimepokea vijana wa mafunzo kwa vitendo wanaokuja na flashi yenye folda ya "mradi", ya "mradi mpya" na ya "mradi mwisho kabisa", bila kuweza kueleza hizo tatu zinatofautiana wapi.

Flashi yenyewe siilaumu. Bando ni gharama kwa mwanafunzi, na tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ikazorota nchini, sisi tulioweza kupeana kazi mkononi hatukusimama. Tulikuwa watatu, mwenzetu mmoja akiishi Kigamboni, na flashi ilivuka na pantoni asubuhi na jioni.

Tulikuwa tumekwisha kujifunza kwa uchungu. Miaka miwili kabla ya hapo, mwenzetu alinakili folda yake juu ya yangu, kompyuta ikamuuliza kama abadilishe faili zilizopo, naye akakubali. Kazi yangu ya siku nne, iliyokuwa ya kukokotoa riba za chama cha kuweka na kukopa, ilifutika, nikaiandika upya kwa kukumbuka.

Git, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, haihitaji seva wala intaneti, kwa kuwa kila nakala kamili ya hifadhi hubeba historia yote ya kazi. Kwenye flashi hutengenezwa, kwa amri ya git init --bare, hifadhi yenye historia peke yake bila faili za kufanyia kazi, kisha kila mmoja husukuma mabadiliko yake humo na kuvuta ya wenzake. Ikiwa mwenzako amekutangulia, Git hukataa kupokea ya kwako mpaka kwanza uvute yake na kuyaunganisha na yako. Kukataa huko ndiko tulikokukosa siku ile.

Nasisitiza hifadhi ya namna hiyo, si folda ya kazi, kwa sababu flashi nyingi zimeandaliwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, ambao hautunzi ruhusa za faili za Linux, yaani nani aweza kusoma, kuandika au kuendesha faili. Folda ya kazi ikihamishiwa humo nzima nzima, Git yaweza kuripoti kwamba kila faili imebadilika ilhali hakuna aliyegusa hata mstari mmoja. Ndani ya hifadhi, ruhusa ya kuendesha faili kama programu, ambayo ndiyo Git huifuatilia, imeandikwa katika historia yenyewe, kwa hiyo haipotei njiani.

Mifumo hiyo pia hairekodi mmiliki wa faili, na tangu Aprili 2022 Git hugoma kufungua hifadhi ambayo haina hakika kuwa ni yako. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapo. Dawa ni kuitaja folda hiyo moja katika mpangilio wa safe.directory, yaani orodha ya folda unazoiambia Git iziamini, wala si kuruhusu folda zote kwa alama ya nyota, maana hifadhi yaweza kubeba skripti, yaani programu ndogo, zinazojiendesha kwenye kompyuta yako unaposukuma kazi, na flashi zetu hupita stesheneri nyingi.

Kuna jambo moja la kisheria ambalo vijana hawaambiwi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo historia ya Git haisahau: orodha ya wateja na namba zao za simu ikiingizwa mara moja, hubaki humo hata ukiifuta kesho yake. Taarifa za namna hiyo zisiingizwe kabisa, na flashi ifungwe kwa nywila na kusimbwa, yaani yaliyomo yasisomeke bila nywila hiyo, kwa sababu kuangusha flashi ndani ya daladala ni jambo la kawaida. Maadamu kila mmoja ana nakala kamili nyumbani, kilichopotea ni bei ya flashi tu.

Mkufunzi anayepokea hifadhi badala ya folda ataweza kuikagua kwa amri ya git fsck ajue kama imeharibika, kisha asome jinsi kazi ilivyokua siku hadi siku, jambo ambalo "mradi mwisho kabisa" haliwezi kumwonyesha. Niko tayari kufika Jumamosi yoyote, bila malipo, kuonyesha hatua hizi mbele ya darasa litakalonikaribisha. Namba yangu nimeiacha ofisini kwako.

Msanidi programu,
Sinza, Dar es Salaam